Dada, Mtaro Bado Uko Wazi

Kwako dada yangu Zuhura, Kilimarondo.

Asalaam alaykum dada, shikamoo. Na mama umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Umshike mkono kabisa, ndipo urudi kukaa. Nataka kujua goti lake limefikia wapi sasa anapokaa kwako, kama bado anaamka akilishikilia au ile dawa ya kuchua niliyotuma imemsaidia. Na shemeji, kifua chake kikoje? Kulala kwenye dungu la kulindia shamba miezi hii ya mvua si kazi ya mtu wa umri wake. Mimi mwili ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Barua hii anakuletea yule muuguzi wa zahanati yenu aliyekuja huku kwenye mafunzo. Alinitafuta ofisini juzi, akaniambia mmevuna kunde kidogo zilizobaki na kwamba mama ananiulizia. Anaondoka kesho asubuhi. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana simu yetu ya mwisho unaikumbuka. Wewe ulikuwa juu ya kichuguu unatafuta mtandao, mimi niko kwenye korido ya ofisi nanong'ona. Ukaniuliza, "Sasa hao wakubwa wenzako umeongea nao, au bado?" Halafu simu ikakatika. Dada, haikukatika. Niliikata mimi. Sikuwa na jibu, nikaona aibu. Unisamehe.

Jibu nakupa sasa. Niliongea nao. Siku ile ile uliponiambia tembo wameingia shambani mara ya tatu na kumaliza mahindi yakabaki mashina tu, nilimpigia diwani mmoja wa Nachingwea niliyewahi kukutana naye kwenye semina. Akanipokea vizuri, akasema mambo ya wanyama yako kwa maofisa wa wanyamapori, akanipa namba. Wa wanyamapori akasema anasubiri taarifa ya kata. Wa kata akasema taarifa ilishapelekwa wilayani. Nilipopata mtu wa wilayani akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani mheshimiwa, unaulizia kama nani?" Nikamwambia mimi ni naibu meya. Akasema, "Hongera sana. Lakini jiji lako si liko huko?" Tukaagana. Simu niliweka mezani nikakaa nikiiangalia.

Najua huko watu wanasema mdogo wake Zuhura ni mkubwa jijini, neno lake moja tu litaleta askari na gari. Acha nikueleze neno langu lina uzito gani. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu mengi nilikuficha, nikawa nakutumia picha za sherehe tu.

Unakumbuka nilivyoanza. Nimetoka chuoni na cheti changu cha uandishi, nikapokelewa kujitolea kwenye ile redio ndogo ya Nachingwea mjini. Nikasoma salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, na bei za mnada wa korosho. Wewe ulikuwa bado uko nyumbani Malolo, ukianika betri juani zipate nguvu ya kunisikiliza jioni. Mama alikuwa hafuati maneno yote ya Kiswahili changu cha redioni, lakini ulisema anakaa kimya mpaka nitaje jina langu mwishoni, ndipo anaendelea kutwanga. Zile siku mimi nilijiona nina nguvu kuliko leo. Nikisema kisima cha mahali fulani kimeharibika, baada ya wiki fundi ameonekana. Labda ni bahati, labda fundi alikuwa anakuja hata hivyo. Lakini mimi niliamini ni sauti yangu.

Nilipohamia huku na kupata kazi kwenye kituo kikubwa, habari yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ya mtoto. Kuna mtaro mkubwa unaopita mtaa wa bondeni, pembeni ya shule ya msingi. Una kina cha kumzidi mtu mzima, kingo zake zimemomonyoka, na juu hauna kitu. Jua likiwaka ni mkavu, watoto wanashuka na kupanda wakicheza. Mvua ikinyesha milimani maji yanakuja yote kwa pamoja, hata kama bondeni penyewe hakujadondoka tone. Neema, msichana wa darasa la pili, alikuwa anavuka kurudi nyumbani. Walimkuta mbali sana.

Nilikwenda kumhoji mama yake. Ni mwanamke anayefua nguo za watu, Mkristo wa parokia ile ya karibu, na mpaka leo watu humwita Mama Neema ingawa Neema hayupo. Alinikaribisha, akaniwekea kigoda, akasema, "Uliza tu mwanangu, ndiyo kazi yako." Nilitoka pale nimeapa moyoni. Kwa miaka mitatu kila masika nilirudi kwenye mtaro ule na kinasa sauti. Nilimfuata mhandisi wa jiji mpaka akawa akiniona anabadili njia. Kila nilipomkamata alijibu maneno yale yale, "Suala hilo tunalifanyia kazi." Nilikuwa naiweka sauti yake mwishoni mwa habari makusudi, ili wasikilizaji wamcheke.

Ni Mama Neema aliyenitoa kwenye uandishi. Siku moja nilipomaliza kumhoji tena alininawisha mikono, tukala ugali, akasema, "Somoe, wewe unasema vizuri. Lakini ukimaliza kusema, redio inapiga muziki." Hakusema kwa ubaya. Baada ya wiki mbili akaja na wanawake kama kumi na wawili wa mtaa ule mpaka nilipokuwa nimepanga. Wakasema diwani wao anamaliza muda wake, na wao wanamtaka mtu anayeujua mtaro. Mimi nikacheka. Wao hawakucheka.

Ya uchaguzi unayajua. Niliacha kazi, nikaingia kwenye kura za maoni za chama, nikashinda kwa shida, kisha nikaupata udiwani. Usichokijua ni kile nilichowaahidi. Siku ya mkutano wa mwisho nilisimama kwenye ukingo wa mtaro, Mama Neema yuko mbele yangu na kanga yake kichwani, nikasema mtaro huu utafunikwa kabla ya masika ya pili. Hakuna aliyeniomba nitaje muda. Nilijitajia mwenyewe, kwa sababu walikuwa wanapiga vigelegele.

Halafu madiwani wenzangu wakanichagua naibu meya. Mlipika pilau Malolo, mama akacheza na lile goti lake, ukanitumia video. Niliitazama mara nyingi, dada. Nilidhani sasa mlango umefunguka.

Kikao changu cha kwanza cha baraza nilisimama nikazungumzia mtaro. Nilizungumza vizuri, unanijua. Wakapiga meza. Meya, ndiye mwenyekiti wetu, akanishukuru, akasema suala hilo lina utaratibu wake, tukaenda ajenda nyingine. Kesho yake nikamwita mhandisi ofisini. Yule yule. Aliingia akasimama mpaka nikamwambia akae, na jambo hilo tu lilinikosesha raha. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini miaka yote hii hakufanya kitu. Akafungua faili alilokuja nalo. Lilikuwa limevimba kwa karatasi.

"Mheshimiwa," akasema, "barabara ile si ya jiji, ni ya wakala wa barabara. Maji ni ya kwetu. Ukingo wa upande wa shule uko kwenye kiwanja ambacho mipaka yake haijathibitishwa. Nikiweka hata mfuniko mmoja bila hao wote kukubali, unang'olewa. Barua nimeandika, hizi hapa. Ulipokuwa unanijia na kile kinasa sauti nikakwambia tunalifanyia kazi, sikuwa nadanganya. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

Nilizisoma barua zile moja moja. Zilikuwa nzuri. Katika moja alikuwa amemtaja Neema kwa jina. Dada, yule mtu niliyemfanya achekwe na jiji zima alikuwa amelibeba jina la mtoto yule ofisi hadi ofisi, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Basi nikaanza na mimi. Nikawaleta watu wa barabara, wa ardhi na wa shule kwenye meza moja, jambo ambalo mhandisi alisema halijawahi kutokea. Ilichukua mwaka. Wakakubali, mtaro ukaingia kwenye mpango wa mwaka, ukaandikwa kwa jina lake. Nilimpigia simu Mama Neema nikamsomea ukurasa ule. Akasema, "Asante mwanangu. Nitawaambia wenzangu."

Miezi minne baadaye kikaitishwa kikao cha dharura. Wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya cha kata nyingine ilikuwa imebomoka paa, wanawake wanajifungulia kwenye veranda. Ikapendekezwa fungu la mtaro lihamishiwe huko, mtaro usogezwe mwaka unaofuata. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Niliwatazama wenzangu, nikamkumbuka mama alivyokuzaa wewe njiani akipelekwa Ruangwa. Nikanyoosha mkono. Dada, hakuna mtu aliyeninyang'anya ule mtaro. Niliutoa mwenyewe, na hata leo sijui ningenyoosha mkono gani mwingine.

Masika ya pili ndiyo haya.

Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha milimani mchana, shule ikiwa inatoka. Mtoto wa darasa la kwanza aliteleza. Muuza mkaa mmoja aliruka na nguo zake akamshika shati, wakaburuzwa wote mpaka kwenye daraja dogo, wakatoka hai. Mtoto amevunjika mkono. Nilipofika hospitali mama yake alinisalimia kwa heshima, akanishukuru kwa kuja. Afadhali angenitukana.

Baada ya hapo wanawake hawakunisubiri. Walikwenda wenyewe kununua miti ya kujengea, wengine wakang'oa ya kwenye mabanda yao ya kuku. Kwa siku mbili wakachimba mashimo kwenye ukingo wote wa upande wa shule, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito na kamba. Ukawa uzio wa kienyeji lakini unashika. Nilipita nikauona, nikafurahi kama mtoto. Nikawaambia mmefanya kazi yangu. Wakacheka.

Siku ya nne nikakuta notisi imebandikwa kwenye nguzo ya kwanza. Waondoe ndani ya saa sabini na mbili kilichojengwa kwenye hifadhi ya barabara bila kibali. Juu ya karatasi kulikuwa na nembo ya halmashauri yetu. Mimi sikuiona kabla, haikupita kwangu, haihitaji kupita kwangu. Lakini mtu anayesoma hajui hayo. Anaona nembo, na mwenye nembo anayemjua ni mimi.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa jiji. Nilijiandaa kugombana, akaninyima hata hilo. Ni mtu mtaratibu. Alinionyesha picha za mwaka wa nyuma, mahali pengine, ambapo nguzo kama hizo zilizolewa na maji zikaziba kalavati, maji yakaingia nyumba za chini na kuua bibi kizee kitandani.

"Zile nguzo hazijajengewa, zimechomekwa tu," akasema. "Siku maji yakizibeba, mheshimiwa, utaniuliza kwa nini niliziacha."

Nikamwomba siku kumi, nitafute fundi aziimarishe.

"Kibali cha kuziimarisha kinatoka kwa wakala. Na wakala watajibu lini, unajua wewe kuliko mimi."

Nilijua. Nilitoka nikamkuta mhandisi amesimama nje ya mlango na faili lake. Alikuwa amekuja kuniunga mkono, akachelewa. Tukatembea pamoja mpaka chini.

Siku ya tatu ya notisi nilikwenda mtaroni mapema. Mgambo walikuwa wamefika na gari, wamekaa tu kivulini, maana wanawake walikuwa wanang'oa wenyewe. Walikuwa wanatikisa kila nguzo pole pole mpaka udongo uachie, ili isivunjike, kwa sababu wale wa mabanda ya kuku wanaihitaji miti yao. Hakuna aliyekuwa analia wala kupiga kelele. Nilivua viatu nikashika nguzo moja. Mama Neema akaja akanitoa mkono taratibu.

"Acha mheshimiwa," akasema. "Utachafua nguo."

Zuhura, yule mwanamke hajawahi kuniita hivyo. Miaka yote ni Somoe, au mwanangu. Hakusema kwa kunikejeli, ningejua. Alisema kama vile mtu anavyomwambia mgeni.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja wa redio, mwembamba, kinasa sauti kimefungwa kwa mpira wa nywele kisianguke. Alinisalimia akajitambulisha kuwa anaitwa Rehema. Akasema alianza kupenda uandishi akiwa sekondari, kwa kusikiliza habari zangu za mtaro huu. Kisha akanisogezea kile chombo mdomoni, akauliza sawasawa kama ningeuliza mimi, "Mheshimiwa, uliwaahidi mtaro kufunikwa kabla ya masika haya. Leo wanaondoa hata miti waliyoweka wenyewe. Unawaambia nini?"

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumweleza habari ya wakala, ya mipaka, ya paa la wodi, ya bibi kizee na kalavati. Nilimwona amenikazia macho, anasubiri sentensi fupi. Mdomo wangu ukasema, "Suala hili tunalifanyia kazi."

Akasema asante. Akazima. Jioni habari ikatangazwa, na jibu langu akaliweka mwishoni kabisa.

Dada, nilifikiria kuacha. Niliandika barua ya kujiuzulu nikaikunja, iko kwenye pochi. Najua utasema rudi nyumbani, mikorosho ya baba ipo, redio ya Nachingwea bado ipo. Lakini nikiacha, mtaro hautafunikwa kwa kuacha kwangu. Na nikibaki, sioni unavyofunikwa kwa kubaki kwangu. Kwenye mpango wa mwaka ujao limeandikwa tena jina lake. Mhandisi ananiambia nisimpigie mtu yeyote simu kumsomea ukurasa. Simpigii.

Kwa hiyo kuhusu tembo, usimsubiri mdogo wako. Nakwambia hivi kwa uchungu. Mwambie shemeji aende kwa mtendaji wa kijiji wakajaze fomu ya tathmini ya uharibifu wakati mashina bado yanaonekana shambani, wasingoje yaoze. Achukue nakala, aombe igongwe muhuri. Mimi nitaandika barua yangu pia, siyo kama naibu meya, kama mtoto wa Malolo mwenye ndugu Kilimarondo. Labda nayo itaingia kwenye faili la mtu mmoja mwema. Na usiku akisikia wamefika, asitoke dunguni kuwafukuza kwa kugonga debe. Kilichobaki shambani kiende. Nakuomba sana hilo, maana hilo angalau mnaweza kuliamua nyinyi.

Mama umweleze haya kwa Kimwera, kwa maneno yako. Kiswahili changu cha vikao hatakielewa, na mimi mwenyewe siku hizi sikipendi. Kama utaona ni mengi kwake, mwambie nipo na nakula. Nisalimie mjomba wa Likunja anayetuangalizia mikorosho, shangazi muuza vitumbua pale stendi ya Ruangwa, na mwalimu wetu mstaafu aliyenifundisha kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mtoto wako wa mwisho mwambie daftari alizoomba anazo muuguzi kwenye begi. Shemeji mpe pole ya shamba.

Kuna kitu kimoja tu ninachokifanya sasa, na wenzangu ofisini wanadhani nakwenda kula. Madarasa ya chini yanatoka saa sita na nusu. Nakwenda pale mtaroni, nasimama kwenye ukingo, nawashika mikono wawili wawili tunakwenda mpaka kwenye daraja dogo, narudi kuwachukua wengine. Mama Neema naye huja siku ambazo hana nguo za kufua, anasimama upande wa pili kuwapokea. Hatuongei sana. Siku nikiwa na kikao siendi, na siku hizo nakaa kwenye kiti cha mbele nikisikiliza dirishani kama mvua inakuja, sisikii ajenda.

Leo sina kikao. Ni saa sita na dakika tano, na upande wa milimani kumeshatanda wingu jeusi. Nainuka, dada.

Mdogo wako,
Somoe